Siti ya ngozi haistahili bei yake

Tangazo la gari lililotumika kutoka Japani, liwe la Dar es Salaam au la Mombasa, halikosi kutaja kwamba AC inapuliza, rimu ni za spoti na siti ni za leza. Hilo la mwisho ndilo linaloongeza bei, na ndilo lenye utata kuliko yote. Leza hiyo inaweza kuwa ngozi ya ng'ombe. Inaweza pia kuwa vinili, yaani plastiki ya PVC iliyobandikwa juu ya kitambaa, au ikawa plastiki nyingine kabisa iitwayo poliurethani. Muuzaji huzitaja zote kwa jina moja, na mnunuzi hulipa akiamini kwamba anapewa ngozi. Hoja yangu ni kwamba hata kama kweli angepewa ngozi, hakuwa na sababu ya kuongeza pesa. Kwa gari la kazi au la familia katika hali ya hewa yetu, vinili nzuri inafaa kuliko ngozi. Ya kuogopwa ni hiyo ya tatu.

Hadhi ya ngozi ndani ya gari ina historia ya kuchekesha kidogo. Magari ya kifahari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalitenganisha watu: dereva aliketi mbele, mara nyingi bila paa, naye mwenye gari aliketi nyuma katika chumba kilichofungwa. Kiti cha dereva kiliwambwa ngozi kwa sababu ngozi ilihimili mvua na vumbi. Tajiri aliketi juu ya kitambaa laini. Desturi hiyo haijafa. Century Royal, gari ambalo Toyota iliitengenezea familia ya kifalme ya Japani mwaka 2006, lina ngozi mbele anakoketi dereva na kitambaa cha sufu nyuma anakoketi Mfalme. Ngozi basi iliingia kwenye gari kufanya kazi ngumu, na kwa kigezo hicho hicho cha kazi inapaswa kupimwa leo.

Kazi yenyewe tunaijua. Siti zetu hubeba jasho la mchana, vumbi la barabara ya changarawe, soda iliyomwagika, samaki wa sokoni na mtoto aliyetapika kabla ya kufika Chalinze. Vinili hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, shughuli imekwisha. Ngozi haitaki kulowa, haitaki sabuni kali, inataka kupakwa mafuta yake maalumu mara kwa mara, na ikiachwa bila matunzo kwenye gari lililofungwa madirisha katika unyevu wa pwani huota ukungu. Wenye daladala na matatu, ambao hupiga hesabu ya kila shilingi, walishaamua zamani: siti zao ni za vinili. Atakayesema hiyo ni nyenzo ya watu wa hali ya chini aitazame Mercedes-Benz, iliyotengeneza magari ya W123 takriban milioni 2.7 kati ya mwaka 1976 na 1986. Mengi kati ya hayo yalifanywa teksi Ujerumani yakiwa na siti za vinili ambayo kampuni hiyo inaiita MB-Tex, na sifa ya siti hizo kwa wapenzi wa magari ya zamani ni kwamba injini huchoka kabla yake. Siku hizi Toyota, BMW na Tesla nazo huuza magari ya bei kubwa yenye siti za ngozi bandia bila kuona aibu.

Kuna pia suala la umri, ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Sifa za ngozi huandikwa na watu wanaonunua gari jipya na kuliegesha ndani ya gereji. Sisi hatununui hivyo. Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na wanunuzi huchukua karibu na ukomo huo kwa sababu ndiko kwenye nafuu. Tanzania huruhusu hata yaliyozidi hapo, ila huyatoza ushuru wa uchakavu. Maana yake ni kwamba ngozi tunayoilipia imekwisha kutumika miaka kadhaa mikononi mwa mtu mwingine, na hatujui kama aliwahi kuipaka mafuta hata siku moja. Jua la Dodoma huimalizia kazi. Ngozi iliyokauka hukakamaa, hupata mistari, kisha hupasuka kwenye mshono wa upande wa dereva, pale anapojiburuza akishuka. Fundi siti akitaka kuitengeneza kwa ngozi inayofanana atahitaji kununua ngozi nzima ambayo haina umbo la mraba na ina kingo za kutupa. Vinili huuzwa kwa mita kutoka kwenye jora. Kipande kimoja kikiharibika, hukatwa na kushonwa kingine mchana huo huo.

Wapinzani watasema vinili huunguza mapaja na kutoa jasho, ilhali ngozi hupumua. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, ila ni mdogo kuliko wanavyodhani. Watafiti waliopima magari yaliyoegeshwa juani mjini Tempe, jimbo la Arizona, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, walikuta siti zimefika wastani wa nyuzi 50 hivi za Selsiasi baada ya saa moja, lakini zile za magari yaliyokuwa kivulini zilikuwa nyuzi 41 hivi. Tofauti hiyo imeletwa na kivuli. Rangi nayo ina sehemu yake, kwani siti nyeusi itachoma iwe ya ngozi au ya plastiki. Kuhusu kupumua, ngozi nyingi za magari si ngozi tupu kama ya kiatu cha kienyeji. Hupakwa rangi na tabaka jembamba la plastiki ili zisichafuke, na tabaka hilo huziba sehemu kubwa ya vinyweleo. Isitoshe, katika magari mengi yanayouzwa kuwa ni ya ngozi, ngozi huwekwa pale tu mwili unapogusa, na ubavuni na mgongoni mwa siti huwekwa vinili. Anayetaka ubaridi kweli achague kitambaa, avumilie madoa yake.

Sasa hiyo ya tatu. Poliurethani hupendwa na watengenezaji kwa sababu ni laini mkononi na hufanana na ngozi kuliko vinili. Zipo za daraja la juu zinazodumu. Zile za bei rahisi, hata hivyo, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa na joto, kidogo kidogo, hata kama hakuna anayezikalia. Baada ya miaka michache uso wake huanza kubabuka na kuacha magamba kwenye nguo, na hakuna mafuta wala gundi ya kuurudisha. Tanga, Zanzibar na Mombasa ni mahali pabaya kabisa pa kuwa na siti ya namna hiyo. Vinili ina ugonjwa wake pia: vilainishi vilivyochanganywa kwenye PVC hutoka taratibu kwa joto, hujitandaza kama utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele, na mwishowe siti hukakamaa. Lakini ugonjwa huo huenda polepole na hutibika kwa kubadilisha kipande.

Pingamizi zito zaidi ni la mazingira, nami silipuuzi. PVC ni plastiki yenye klorini. Ikichomwa jalalani hutoa moshi wenye sumu, na baadhi ya vilainishi vyake vimewekewa vikwazo barani Ulaya kwa ajili ya afya. Ngozi nayo haina mikono misafi, kwani nyingi duniani hulainishwa kwa chumvi za kromiamu, na kiwanda kisichosafisha majitaka yake hutia sumu mto mzima. Siti inayodumu bila kubadilishwa mara kwa mara ndiyo yenye madhara machache. Wapo pia wanaodai kwamba kununua ngozi ni kumsaidia mfugaji. Ingekuwa hivyo kama ngozi ya ng'ombe wetu ingefika kwenye siti hizo, lakini viwanda vya magari hutaka ngozi kubwa isiyo na doa, na ya kwetu hufika ikiwa na alama za chuma cha moto, kupe, miiba na kisu cha mchunaji. Anayemlipa muuzaji wa Yokohama kwa siti za ngozi hajamsaidia mfugaji wa Shinyanga wala wa Kajiado.

Basi mnunuzi afanye nini? Asitegemee harufu, maana hupulizwa kutoka kwenye kopo. Apapase chini ya siti au afungue zipu ya nyuma aone upande wa ndani wa nyenzo: ngozi ina nyuzi zenye manyoyamanyoya, vinili na poliurethani zina kitambaa. Akikuta kitambaa, akague mikunjo na kingo, na akiona magamba madogo yameanza kuinuka, apunguze bei au aondoke. Ila kazi hii haifai kuachiwa mnunuzi peke yake. Brazili ilipiga marufuku tangu mwaka 1965 kuita ngozi kitu ambacho hakikutokana na mnyama, na Italia ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2020. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya ambayo tayari yana taratibu za kukagua magari haya kabla hayajaingia, yawatake wauzaji waandike kwenye tangazo na kwenye risiti siti imetengenezwa kwa nini.