Wazima Hawakuhesabiwa

Mwandishi anayedai chanjo ya surua haifai, eti kwa kuwa baadhi ya waliougua walikuwa wamechanjwa, amehesabu wagonjwa akawasahau wazima. Chukua watoto 1,000. Tuseme 950 wamepata dozi mbili, ambazo hukinga takriban 97 kati ya kila 100. Surua ikiwapitia wote, wataugua kama 28 kati ya hao 950, na karibu wote 50 wasiochanjwa. Naam, zaidi ya theluthi ya wagonjwa watakuwa wamechanjwa! Na watoto zaidi ya 900 watakuwa uwanjani wanacheza, hawamo katika makala yake.

Tena wapo wasioweza kuchanjwa, kama kichanga wa miezi mitatu. Kinga yao ni sisi. Huko Samoa, mwaka 2018, uchanjaji uliporomoka baada ya watoto wawili kufa kwa kosa la wauguzi waliochanganya chanjo na dawa isiyo yake. Hofu ile ilieleweka. Mwaka 2019 surua ikaingia, ikaua watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Desemba chanjo ikapelekwa nyumba kwa nyumba, na mlipuko ukazimika.