Sindano inayorudi ndani: Kinga ya mgonjwa na ya anayemtibu

Miaka michache iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, nilimaliza kumchoma mgonjwa sindano, kisha nikajaribu kuirudishia kifuniko chake. Ikanidunga kidole. Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, nikameza dawa za kinga kwa siku 28. Alhamdulillah, nilisalimika, lakini hofu ya siku zile sijaisahau.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B inaweza kuwaambukiza hadi watu 30 katika kila 100 waliodungwa bila ya kuwa na chanjo. Kwa virusi vya Ukimwi ni takriban watu 3 katika kila 1,000.

Ndiyo maana ikabuniwa sindano inayorudi ndani. Kwa nje ni bomba kama mengine, lakini ndani yake sindano imeshikizwa kwenye springi iliyobanwa. Mhudumu akisukuma dawa hadi mwisho na kukandamiza kidogo, kishikizo huachia, springi hufyatuka na sindano huvutwa ndani ya bomba. Hakuna ncha inayobaki nje wala kifuniko cha kurudishia, na bomba hilo haliwezi kutumika tena.

Tusiichanganye na ile ya chanjo inayojifunga baada ya dozi moja. Hiyo humkinga mgonjwa anayefuata, lakini kwa kawaida ncha yake hubaki wazi. Inayorudi ndani humkinga pia muuguzi, mfagiaji na mtoto anayeokota vitu jalalani.

Wapo wanaosema kwamba wahudumu wakiwa waaminifu, bomba la kawaida linatosha. Sikubaliani nao. Mwaka 2019, katika mji wa Ratodero nchini Pakistan, mamia ya watu, wengi wao watoto, walikutwa na virusi vya Ukimwi, na kurudia kutumia sindano kulitajwa miongoni mwa sababu kuu. Tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwishazitaka nchi zihamie kwenye sindano salama ifikapo 2020. Asiye mwaminifu hazuiliwi na mawaidha peke yake, na mwaminifu naye huchoka, kama nilivyochoka mimi usiku ule.

Ni kweli bei yake ni kubwa kuliko ya bomba la kawaida. Lakini aliyeambukizwa virusi vya Ukimwi atameza dawa maisha yake yote. Hiyo nayo ni gharama. Dini yetu imekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Hivyo, wenye zahanati, zikiwemo za jumuiya zetu, wasiihesabu sindano hii kuwa anasa.

Nawe msomaji una wajibu wako. Usidai sindano pale vidonge vinapotosha. Ukihitaji kuchomwa, omba pakiti ifunguliwe mbele yako, na hakikisha bomba linatupwa papo hapo kwenye boksi gumu la sindano. Kuuliza si utovu wa adabu. Ukidungwa kwa bahati mbaya, nawa, usikamue, na ufike kituo cha afya mara moja. Dawa za kinga ya virusi vya Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita.