Sungura wa Manyoya Marefu Katika Joto la Elwak

Karani mmoja aliyeko Elwak ametuandikia kwa masikitiko. Alipewa sungura watatu wa aina ya Angora, wale wenye manyoya marefu mfano wa pamba, akawachukua kutoka nyanda za juu ili wawafurahishe watoto wake. Hakuwanyima majani wala maji. Hata hivyo mmoja amekufa adhuhuri, naye auliza kama wawili waliosalia watapona.

Bwana, watapona, iwapo utakubali kuuondoa uzuri wao. Sungura hatoki jasho la kumpoza. Joto la mwili wake hutokea zaidi masikioni. Joto likipita digrii 30 za sentigredi, naye amevaa manyoya ya urefu wa kidole, hali yake ni ya mtu aliyejifunika blanketi kando ya tanuri. Watazame kondoo wa jirani zako. Yule kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi hana sufu, ana nywele fupi tu, naye huistahimili nchi ile.

Basi shika mkasi, uyapunguze manyoya hayo mpaka yawe mafupi. Fanya taratibu, wala usiyavute, kwa sababu ngozi ya sungura ni nyembamba na hukatika upesi. Watoto watalalamika kwamba sungura wao wamekuwa kama panya, wavumilie. Yakikua, yakate tena. Kati ya siku hizo wachane kwa kitana chenye meno yaliyoachana. Sungura hujilamba kama paka, lakini hawezi kutapika; manyoya aliyoyameza yakijikusanya tumboni, huacha kula, akafa. Nyasi kavu humsaidia kuyapitisha, kuliko kabichi.

Kizimba cha bati sikipendi hata kidogo. Sungura kwa asili ni mnyama wa shimo: laza mtungi mkubwa kivulini, uufukie nusu yake ardhini, nao watajipumzisha humo mchana. Najua maji ya visima vya Elwak hayachezewi, lakini ya kunywa yasikosekane hata saa moja.

Ukimwona mmoja anahema upesi, mdomo wazi na masikio ya moto, mpeleke kivulini uyaloweshe masikio yake kwa maji yasiyo baridi sana. Usimtumbukize majini: manyoya yakilowa hushikamana madonge, na hewa haipiti tena.