Irabu "Nzito": Tulizike Jina, Tusiuzike Ujuzi

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari hapa Mwatate, niliandika ubaoni jozi za maneno: pika, mpishi, fuata, mfuasi, lewa, mlevi, penda, mpenzi. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona tunasema pikia wala si pishia, ilhali mtu ni mpishi wala si mpiki? Irabu i si ni ile ile?" Nilimpa jibu nililopewa mimi nilipokuwa mwanafunzi: ndivyo lugha ilivyo. Jibu hilo lilinifedhehesha, na makala haya ni malipo ya deni.

Ukweli ni kwamba hapo kale hazikuwa irabu moja. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alichapisha kitabu kuhusu sauti za lugha za Kibantu. Alionyesha kwamba Mame-Bantu, lugha inayokadiriwa kuwa chimbuko la lugha hizi, ilikuwa na i za aina mbili na u za aina mbili. Zile za juu zaidi aliziita irabu "nzito", akaziandika î na û. Ulimi ulipanda mno kukaribia kaakaa, hewa ikapita kwa kukwaruza, na kipasuo kilichotangulia kikageuka kuwa kikwamizo. Ndiyo maana k ya pika ikawa sh katika mpishi, na t ya fuata ikawa s katika mfuasi. Kiambishi cha kauli ya kutendea kilikuwa na ile i nyingine, nacho hakikugeuza kitu. Baadaye Kiswahili kiliziunganisha irabu hizo, saba zikawa tano. Chanzo kikatoweka, athari ikabaki.

Istilahi "nzito" imeachwa, na iliachwa kwa haki. Irabu haina uzani, na leo wanafonolojia huzungumzia uzito wa silabi, jambo lililo tofauti kabisa. Wataalamu sasa husema irabu za juu kabisa, au za daraja la kwanza. Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Ninacholalamikia ni kwamba tulipolizika jina, tulifukia na maarifa yaliyokuwa ndani yake. Vitabu vingi vya sarufi vinaorodhesha mageuzi hayo bila kueleza sababu, nasi tunayakariri kama dua.

Kidawida hakiwezi kumsaidia mwanafunzi wangu kwa sikio, kwani nacho kina irabu tano. Lakini katika soko la Mwatate hatakosa mfanyabiashara anayezungumza Kikuyu au Kikamba, lugha zilizohifadhi irabu saba. Katika Kikuyu, kulima ni kũrĩma. Mkulima ni mũrĩmi, na kulimia ni kũrĩmĩra. Tazama mwisho wa mũrĩmi: i haina alama. Tazama kũrĩmĩra: kiambishi cha kutendea ni ĩ. Tofauti iliyopotea kwetu ingali hai kinywani mwa jirani. Hali kadhalika kufa kwa Kikuyu ni gũkua, chenye u isiyo na alama. Kiswahili kilipata f yake kutokana na k iliyotangulia û hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa sekondari ana mzigo wa kutosha, na kwamba historia ya lugha ni ya chuo kikuu. Nakubali kwamba hahitaji kumjua Meinhof. Anahitaji kujua kwamba swali lake lina jibu. Naye mwalimu hawezi kulitoa ikiwa hata chuoni alifundishwa fonolojia na mofolojia kana kwamba hazijuani.

Napendekeza wahadhiri wetu wazifundishe mada hizi pamoja, na lugha za nyumbani za wanafunzi zitumike kama ushahidi darasani badala ya kukemewa kama kasoro ya matamshi. Mwanafunzi wa Kikuyu anayechekwa kwa lafudhi yake huenda ndiye anayebeba jibu tulilolipoteza.

Jina la "nzito" na lilale salama. Swali la yule mwanafunzi wa Mwatate lisilale.