Filamu juu ya Mtume (s.a.w.) na duka lililofungwa Buzwagi



Majuma machache yaliyopita tulifika Buzwagi, Kahama, kuhudhuria ndoa ya jamaa zetu. Mgodi uliokuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2009 ulifungwa mwaka 2021, na wanaume wengi waliokuwa wakihesabu siku zao kwa zamu za mgodini sasa wanahangaika na biashara ndogondogo. Miongoni mwao wamo vijana wawili, mtoto wa mama mkubwa na mtoto wa mama mdogo, ambao waliunganisha viinua mgongo vyao wakafungua duka la kuuza na kutengeneza simu. Tulilikuta limefungwa. Mama wa yule mkubwa alitueleza sababu huku akitumiminia chai, nasi tukadhani hatukusikia vyema: wanawe wamegombana kwa ajili ya filamu.

Filamu yenyewe ni ile ya Majid Majidi wa Iran, inayosimulia utoto wa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ilitoka mwaka 2015, lakini vitu vya namna hii hutufikia kwa mwendo wake, na kwa vijana wa pale ilikuwa mpya kabisa, imo katika kadi ya simu inayopita mkono hata mkono. Mkubwa aliisifu barazani mwa msikiti baada ya Swala ya Alasiri. Mdogo akamwuliza mbele ya watu:

"Kaka, umeshakuwa Shia siku hizi?"

"Afadhali mimi niliyetazama," mkubwa akajibu, "kuliko wewe unayehukumu usichokiona."

Waliokuwepo wakagawanyika, kila mmoja na upande wake, kama mashabiki wa Simba na Yanga. Siku ya pili mdogo akaja na mkokoteni, akapakia vifaa vyake vya kutengenezea simu, akaondoka. Duka bila fundi likawa meza tupu. Tangu hapo vijana hao huswali katika msikiti mmoja, mmoja safu ya mbele na mwingine karibu na mlango.

"Nyinyi mnaoandika gazetini," mama alituuliza, "mwenye haki ni yupi katika wanangu?"

Tulimpa jibu fupi ambalo halikumtosheleza. Nasi pia halikututosheleza, na ndiyo sababu tunalirudia suala lake katika safu ya leo.

Tuanze na mtu mwenyewe. Majidi si mgeni katika fani yake. Filamu yake ya mwaka 1997, iitwayo kwa Kiingereza "Children of Heaven", ni kisa cha kaka na dada wa nyumba maskini wanaopokezana jozi moja ya viatu ili wote wawili waweze kwenda shule. Hatujui mzazi wa Kiislamu atakayeitazama pamoja na wanawe akaona haya. Mtu huyo ndiye aliyetumia miaka kadhaa na fedha nyingi mno kujenga mfano wa mji wa Makka karibu na Qom, akamwajiri mpigapicha mashuhuri kutoka Italia, Vittorio Storaro, na mtunzi wa muziki kutoka India, A. R. Rahman, Mwislamu mwenzetu. Alisema kusudio lake lilikuwa kuuonyesha ulimwengu sura ya Uislamu iliyo tofauti na ile ya vita na mabomu. Filamu inaanzia zama za Mwaka wa Tembo na kufika safari ya Sham, pale mtawa Bahira alipoziona dalili. Uso wa Mtume hauonyeshwi. Lakini kamera humfuata mtoto kwa nyuma, na mgongo wake, nywele zake, mikono na miguu huonekana, na mwenye mgongo huo ni mwigizaji.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Al-Azhar ya Misri iliipinga. Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, Sheikh Abdulaziz Aal ash-Sheikh, naye aliipinga. Mjini Mumbai jumuiya ya Raza Academy ilipata fatwa dhidi ya Majidi na Rahman, ikiwataka waisome upya shahada. Rahman alijibu kwa barua ya upole, akisema kwamba yeye si mwanachuoni, na kwamba aliifanya kazi ile kwa nia njema. Tunamtaja kwa sababu moja tu: katika zogo lile lote, ndiye aliyekiri kwamba hakuwa na elimu ya jambo hili. Pale barazani Buzwagi hatukusikia kwamba alitokea mtu wa kutamka maneno kama hayo.

Tulipodadisi zaidi tuligundua kwamba mkubwa alikuwa ameitazama nusu ya filamu, simu ikazimika chaji, asiirudie. Mdogo hakuwa ameiona hata kidogo, alikuwa amesikia. Duka la watu wawili, lenye kulisha nyumba mbili, limefungwa kwa filamu ambayo hakuna kati yao aliyeimaliza.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Kahama peke yake. Wengi wetu tuliokwishapita umri wa ujana tunaikumbuka "The Message", filamu ya mwaka 1976 ya Moustapha Akkad, Mwislamu mzaliwa wa Halab, Syria. Mikanda yake ya video iliingia majumbani mwetu, na tunazo kumbukumbu za madrasa zilizoionyesha usiku wa Maulidi. Leo tunaihesabu kuwa kitu cha heshima. Tumesahau kwamba ilipokuwa mpya iliwafarakanisha Waislamu kuliko hii ya Majidi. Al-Azhar waliupitia mswada wake, kisha wakaondoa ridhaa yao. Rabita ya Makka iliikataa. Mfalme wa Morocco, aliyekuwa ameruhusu ipigwe nchini mwake, alishinikizwa akaisimamisha, na Akkad akaenda kuimalizia Libya. Haya yote yalitokea ingawa Akkad alichukua tahadhari ambayo Majidi hakuichukua: Mtume (s.a.w.) haonekani kabisa wala hasikiki, kamera husimama mahali pake, na waigizaji huzungumza wakiielekea. Sayyidna Ali (r.a.) naye haonekani, isipokuwa upanga wake.

Mwezi wa Machi 1977, filamu hiyo ilipokuwa inaanza kuonyeshwa Marekani, Waislamu wachache wenye silaha waliyavamia majengo matatu mjini Washington, wakawashika mateka watu wapatao 150 kwa muda wa saa 39. Kiongozi wao alikuwa na jeraha zito la moyo, kwani miaka minne kabla ya hapo jamaa zake, wakiwamo watoto wachanga, waliuawa nyumbani kwake. Miongoni mwa madai yake ilikuwemo kuondolewa kwa filamu. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Anthony Quinn ameigiza nafasi ya Mtume. Quinn aliigiza nafasi ya Hamza (r.a.). Wavamizi hawakuwa wameitazama. Kijana mmoja mwandishi wa habari aliuawa katika tukio lile. Waliolimaliza jambo walikuwa mabalozi watatu, wa Misri, Pakistan na Iran, walioketi na yule kiongozi wakamsomea aya za Qur'ani hadi akalainika. Balozi wa Iran na balozi wa Misri, meza moja, mbele ya Kitabu kimoja! Tunaomba vijana wetu wa Buzwagi walitie hilo akilini.

Akkad mwenyewe aliuawa Novemba 2005 mjini Amman, pamoja na binti yake Rima, kwa mabomu ya watu waliodai kuitetea dini.

Sasa turejee kwenye neno lile, "umekuwa Shia". Mdogo alilitumia kama rungu, na tunadhani alikosea shabaha. Mwaka 2012, katika mwezi wa Ramadhani, kituo cha MBC kilionyesha tamthilia ya "Omar", juu ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), iliyoongozwa na Hatem Ali wa Syria. Hiyo haikutoka Qom. Ilitoka kwa watu wa Sunna, na masheikh wakubwa wa Kisunni, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, waliisimamia, ilhali Al-Azhar, nayo ya Kisunni, iliipinga kwa kuwa uso wa Khalifa ulionyeshwa. Basi ikhtilafu hii imo ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mwenye kuigeuza kuwa vita vya madhehebu anajipunguzia kazi ya kufikiri.

Na lipo la kutuaibisha zaidi, nasi tunaanza kujihesabu wenyewe. Tamthilia ya Nabii Yusuf (a.s.) ya Farajollah Salahshoor ilitoka Iran mwaka 2008. Uso wa Nabii umeonyeshwa wazi, ni wa kijana mwigizaji mwenye sura ya kupendeza, tena kipindi baada ya kipindi. Ni nyumba ngapi za Kisunni katika nchi hii zilizoitazama ikiwa imetiwa sauti ya Kiswahili, watoto wameketi mkekani, mama akifuta machozi Yusuf alipotupwa kisimani? Kwetu sisi ilitazamwa, na hatukumwuliza sheikh yeyote. Kama mgongo wa mtoto katika filamu ya Majidi ni tatizo, uso ule ulikuwa tatizo kubwa zaidi. Tulinyamaza kwa sababu tuliipenda.

Kabla ya kuandika ilitubidi tuamue kama tuitazame hii ya Majidi au tukae kando. Hatukukubaliana. Mmoja wetu alikataa, akatoka chumbani na tasbihi yake, na hatukumbeza. Waliobaki waliitazama yote, karibu saa tatu. Ni kazi ya ustadi mkubwa, hilo hatutalificha. Mapenzi ya Abdul Muttalib kwa mjukuu wake yanaliza. Lakini yamo pia mambo yaliyotushtua, mfano pale bahari inapowatupia samaki watu wenye njaa kwa baraka za mtoto yule. Katika vitabu vya sira tulivyosomeshwa hatukukutana na tukio hilo. Mtu mzima ataliona, atauliza. Mtoto wa miaka minane atalichukua kuwa hadithi sahihi, na atakuja kumsimulia mwanawe.

Rai yetu basi, na yupo atakayetukatalia, ni kwamba tunawafuata wanazuoni wasioruhusu manabii kuigizwa, na mgongo tunauhesabu kuwa ni kuigizwa. Hatutaiweka filamu hii mbele ya watoto wetu. Kwa mizani hiyo hiyo tungepaswa kuizima ile ya Yusuf, nasi hatukuizima. Lakini hatuoni popote ruhusa ya kumtoa Mwislamu katika dini yake, au katika ubia wake, kwa kuwa ameitazama. Mdogo alikuwa karibu na rai tunayoifuata, akaidhulumu kwa namna alivyoitetea, hadharani, kwa kejeli, bila kujua anachokisema. Sura ya Al-Hujurat, ambayo wengi wetu tumeihifadhi tangu chuoni, imetaja kuichunguza habari, na haikuwa mbali ikataja pia kuitana majina mabaya. Mkubwa naye alikuwa na haki ya kudai ushahidi, ila ushahidi wake mwenyewe ulikuwa nusu.

Kuna jambo jingine ambalo limetukaa rohoni kuliko fatwa zote hizi. Tukitajiwa Hamza (r.a.), sisi wa kizazi cha mikanda ya video, uso unaotujia ni wa Anthony Quinn. Tumejaribu kuufuta, umekataa. Bwana wa Mashahidi, ami yake Mtume, amekaa vichwani mwetu na ndevu za mwigizaji wa Hollywood. Wazee wetu waliosomeshwa sira kwa mdomo, baina ya Magharibi na Isha, hawakuwa na uso wowote, walikuwa na mapenzi tu. Tunapojiuliza watoto wetu watawaona wapi Maswahaba kwa mara ya kwanza, jibu ni kwamba watawaona kwenye kioo cha simu, kama sisi hatukuwasimulia kabla. Na wakati wa kuwasimulia, katika nyumba nyingi tunazozijua, ndio huo huo tunaoutumia kubishana juu ya filamu.

Hayo tulimwandikia yule mama kwa kirefu, tukamwomba awasomee wanawe wakiwa wamekaa pamoja, si mmoja mmoja. Jumatatu alitupigia simu. Alisema aliwaita kwa chakula cha usiku, akawasomea, na walipofika pale pa chaji kuisha, mdogo alicheka bila kutaka, na mkubwa akainamisha kichwa. Hawakuombana radhi. Lakini asubuhi mkokoteni ulionekana ukirudi dukani na sehemu ya vifaa. Kile kifaa cha kuchomelea bado mdogo amebaki nacho nyumbani kwake. Anasema atakileta baada ya Ijumaa, inshaallah.