Usiku wa Tetu na Setilaiti ya Ngomeni



Tumerejea majuzi kutoka Tetu, Nyeri, kwa kaka yetu. Huko chini ya milima ya Nyandarua usiku wa Agosti aghalabu hufunikwa na ukungu. Lakini usiku mmoja, baada ya swala ya isha, ukafunguka, na mkanda mweupe wa nyota ukatanda toka pembe moja ya mbingu hadi nyingine. Binti wa kaka, aliye kidato cha pili, akatuuliza: "Shangazi, mwalimu asema vyote hivi tuvionavyo ni kidogo tu. Kilichobaki ni kitu gani?"

Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, wanadamu bado. Wataalamu hukiita maada ya giza. Hakitoi nuru wala hakiizuii. Hujulikana kwa uzito wake tu. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alichunguza shada la galaksi liitwalo Coma, akaona galaksi zake zaenda kasi mno. Kwa uzito wa nyota peke yake, shada lile lingekwisha tawanyika zamani.

Tukamweleza na jambo ambalo hata sisi wa Pwani twalisahau. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililo baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, basi ikaitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, nayo ikaonyesha kuwa mashada ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya namna hiyo ni kama mvuke wa sufuria: isipozuiwa hutoroka. Na ukijumlisha uzito wa nyota na wa gesi yenyewe, bado hautoshi kuizuia. Leo hukadiriwa kuwa katika kila sehemu sita za maada ya ulimwengu, zipatazo tano ni hiyo isiyoonekana.

"Ngomeni hii yetu? Ya kina bibi?"

Tukaona haya. Karatasi yake ya kuchagua masomo ilikuwa mezani tangu jioni, na sisi wakubwa, wenye safu hii tukiwa wa kwanza, tulikuwa tumemshauri aiache fizikia, eti haimfai mtoto wa kike. Akaingia ndani, akarudi na karatasi na kalamu, akamkabidhi baba yake palepale barazani, kwenye baridi. Kaka akaomba tochi.