Mkataba Mkubwa Huhitaji Pumzi Ndefu

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, alinifuata barazani kijana mmoja wa mtaani kwetu, seremala wa vitanda na makabati, mkononi akiwa na bahasha. Akaniamkia, akaketi, akanionyesha barua iliyokuwamo. Alikuwa amepata zabuni ya kutengeneza madawati mia sita ya shule. Nilimpongeza kwa moyo mkunjufu. Kisha akanieleza kilichomleta. Ili anunue mbao na mashine, benki inataka rehani, na rehani pekee iliyopo ni hati ya nyumba ya mama yake. Mama amekubali. Dada zake wawili, wanaoishi humo pamoja na watoto wao, hawajaambiwa.

"Mzee, unaonaje?" akaniuliza.

Sikumjibu palepale. Nilimsimulia habari ya kiwanda kimoja cha meli nchini India, na leo naona vema niwasimulie nanyi, wasomaji wangu, kwani aghalabu kila ukoo una kijana mwenye bahasha ya namna hiyo.

Kiwanda chenyewe kipo Pipavav, katika pwani ya Gujarat. Jimbo hilo si geni kwa watu wa mwambao wetu. Kwa karne nyingi kaskazi ilileta huku vyombo vya mbao kutoka Kuchi na bandari jirani, vikiwa na nguo na wafanyabiashara ambao wajukuu wao tunao hadi leo mijini mwetu. Huko Mandvi mafundi wangali wakiunda vyombo vya mbao kandokando ya mto. Kiwanda cha Pipavav, hata hivyo, kilikusudiwa kuwa kitu cha aina nyingine kabisa. Kampuni binafsi iliyokianzisha iliandikishwa mwaka 1997, na gudi lake la kuundia meli lina urefu wa mita 662 na upana wa mita 65. Urefu huo unazidi ule wa viwanja sita vya kawaida vya mpira vilivyopangwa mstari mmoja.

Mradi wa namna hiyo haujengwi kwa akiba ya mtu mmoja. Ulijengwa kwa mikopo ya mabenki, na mwaka 2009 kampuni ikauza hisa kwa umma. Lakini mwaka mmoja kabla yake, msukosuko wa fedha wa dunia ulikuwa umeangusha nauli za shehena baharini. Wenye meli walioagiza vyombo vya kubebea nafaka na makaa ya mawe wakaanza kuahirisha, na wengine kuvunja maagizo yao. Gudi lilikuwa tayari, nalo deni halikujua kusubiri.

Hapo ndipo kampuni ilipogeuza uso kuelekea kwenye manowari. Mwaka 2011 ilitia saini mkataba wa kuliundia Jeshi la Wanamaji la India meli tano za doria. Huo ulikuwa wakati ambao maharamia wa Kisomali wameitia hofu Bahari ya Hindi, hata maji yetu ya Tanzania na Kenya hayakusalimika. Haja ya meli za doria ilikuwa dhahiri. Hadi siku hizo manowari zilizoundwa India zilikuwa takriban zote kazi ya viwanda vya serikali, kama vile Mazagon Dock cha Mumbai na Garden Reach cha Kolkata. Kwa kampuni binafsi kupewa meli za kivita ilikuwa heshima kubwa, na wengi waliona kuwa imepata kimbilio, maadamu serikali haifilisiki kama mfanyabiashara.

Fikra hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini inasahau tabia ya kazi yenyewe. Meli ya shehena ni sanduku kubwa la chuma lenye injini, na michoro yake inafahamika. Mnunuzi mmoja akikataa kuichukua, huenda akapatikana mwingine. Manowari ina mnunuzi mmoja tu duniani. Mizinga, rada na mitambo ya mawasiliano hutoka kwa watengenezaji mbalimbali, na mmoja wao akichelewa, wote wanangoja. Wakaguzi wa jeshi hupima kila hatua, na malipo hufuata hatua iliyokubaliwa, wala hayafuati jasho lililomwagika. Fauka ya hayo, mjenzi hutakiwa kuweka dhamana ya benki. Akishindwa kutimiza ahadi, benki humlipa mnunuzi, kisha humgeukia mjenzi. Kwa mwenye akiba, hayo yote huvumilika. Kwa anayelipa riba ya deni la zamani kila mwezi, kila siku ya kuchelewa humla mtaji.

Yaliyofuata yamo katika kumbukumbu za wazi. Mwaka 2015 kundi la kampuni za Anil Ambani, wakati huo mmoja wa matajiri mashuhuri wa India, lilitangaza kukinunua kiwanda, likakirithi pamoja na madeni yake. Meli mbili za kwanza kati ya zile tano zilishushwa majini Julai 2017, miaka sita baada ya mkataba, nazo zilikuwa bado hazijakamilika. Desemba 2018 Mkuu wa Jeshi la Wanamaji, Admirali Sunil Lanba, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba dhamana za benki za kampuni hiyo zimekwisha kuchukuliwa. Januari 2020 mahakama ya masuala ya makampuni ikaiweka kampuni chini ya msimamizi wa ufilisi, na katika mwaka huohuo mkataba wa meli tano ukavunjwa. Jeshi halikukabidhiwa hata moja.

Mabenki yalikuwa yakidai zaidi ya rupia bilioni 100. Mpango wa ununuzi ambao mahakama iliukubali mwishoni mwa 2022 ulikuwa wa takriban rupia bilioni 21. Wenye hisa wadogo, miongoni mwao watu waliotarajia kusomeshea watoto au kujisitiri uzeeni, hisa zao zilifutwa karibu zote. Wamiliki wapya, kundi la Swan, walishika hatamu mwaka 2024 na kukipa kiwanda jina jingine. Gudi lenyewe halikupungua hata mita moja.

Je, tuseme basi kwamba kampuni binafsi haiwezi manowari? La hasha. India hiyohiyo inayo kampuni ya Larsen & Toubro, iliyoanzishwa Bombay mwaka 1938 na wahandisi wawili wa Kidenmaki. Kabla ya kuomba meli nzima, ilikaa miaka mingi ikitengeneza vipande: mitambo ya kurushia silaha, vifaa vya meli, hatimaye gamba la nyambizi Arihant. Mwaka 2015 ilipata mkataba wa meli saba za doria za Walinzi wa Pwani, kuundwa katika kiwanda chake cha Kattupalli, karibu na Chennai. Ya kwanza, Vikram, iliingia kazini Aprili 2018. Ya saba, Vigraha, Agosti 2021. Zote saba zilikabidhiwa.

Kampuni zote mbili ni za watu binafsi, zote za India, na zote zilifanya kazi chini ya serikali yenye urasimu uleule. Moja iliingia katika kazi ya jeshi ikiwa na biashara nyingine za kuilisha wakati wa kusubiri, na mikono iliyokwisha kuzoea vipimo vya jeshi. Nyingine iliingia ikiutafuta mkataba uiokoe na deni. Hapo ndipo nionapo tofauti iliyo kubwa kuliko zote, ingawa siyo ya pekee.

Nilipofika hapo, kijana aliinamisha kichwa akitazama bahasha yake. Nikamwuliza mambo matatu, nayo ndiyo ninayowaachia wasomaji.

Kwanza, serikali ikichelewa kukulipa miezi sita, utakula nini, na fundi wako atakula nini? Zabuni ya madawati, kama ile ya manowari, ina mnunuzi mmoja. Huwezi kuyapeleka sokoni madawati mia sita.

Pili, umewahi kutengeneza madawati mangapi kwa kipimo kilichoandikwa, yakakaguliwa na kupita? Akajibu kuwa aliwahi kutengeneza kumi na mawili, kwa ajili ya madrasa.

Tatu, ni nani atakayebeba hasara asiyekuwapo wakati wa kutia saini? Kwa Pipavav walikuwa ni wenye hisa wadogo. Kwake yeye ni dada zake na watoto wao. Dini yetu imelipa deni uzito mkubwa kiasi kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Deni halina budi kuwa wazi mbele ya watu. Mtu asijue kwa tangazo la dalali kwamba paa analolalia limewekwa rehani.

Hakunijibu usiku ule. Aliaga, akaenda zake. Juzi alirudi, safari hii pamoja na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyezungumza zaidi. Walikuwa wamekaa kikao cha nyumba nzima. Hati imerudi sandukuni kwa mama. Kijana amewatafuta maseremala wenzake wawili wenye mashine, wakaenda kuomba zabuni igawanywe, kila mmoja madawati mia mbili, na wamekubaliwa. Faida yake itapungua kwa theluthi mbili.

Dada akasema kuwa theluthi iliyobaki inatosha kununua randa ya umeme, na kwamba mwakani, zabuni ikitangazwa tena, mdogo wake ataomba akiwa na madawati mia mbili ya kuonyesha.